Kabla ya Projekta, Hadubini

Mzee mmoja jirani yangu hapa Moshi aliniletea bati lenye mkanda wa filamu ya rangi ya milimita 8, uliopigwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani kwao, miaka ya 1960, akaomba tuutazame kwa projekta siku hiyohiyo. Nilimsihi anivumilie, kwani mkanda uliopitia masika nyingi ndani ya bati haufai kutiwa kwenye meno ya projekta kabla ya kuchunguzwa. Nilipofungua bati nilisikia harufu ya siki, nayo ni dalili kwamba plastiki ya asetati imeanza kuoza na kusinyaa.

Hadubini yangu ni ya kawaida, kama zile za maabara za shule. Nikitumia lenzi ya mara 4 pamoja na lenzi ya jicho ya mara 10, naona eneo la takribani milimita 4.5, ambao ndio upana wa picha moja ya mkanda huu, hivyo karibu picha nzima hunijia machoni kwa wakati mmoja. Katika picha ya kwanza niliyoiweka, mwanamke alikuwa ameinama juu ya kichanja cha kahawa, na hata mikunjo ya kanga yake ilionekana. Kwa ukuzaji wa mara 400 sura yote hupotea, yakabaki mawingu madogo ya rangi yaliyopandana. Katika filamu ya rangi, fedha huondolewa wakati wa kusafisha picha, ilhali katika filamu ya rangi nyeusi na nyeupe chembe za fedha ndizo picha yenyewe.

Jambo ninalolithamini zaidi katika kazi hii ni kujua mkwaruzo uko upande gani. Utando wenye picha ni mwembamba sana kuliko plastiki inayoubeba, kwa hiyo ninapozungusha taratibu gurudumu la kulengea, mawingu ya rangi na mkwaruzo wa mgongoni, yaani upande wa plastiki usio na picha, havionekani vizuri kwa pamoja: kimoja kikikaa sawa, kingine hufifia. Mkwaruzo wa mgongoni si msiba, maana picha yenyewe haijaguswa, na wataalamu huweza kuuficha kwa kunakili mkanda ukiwa ndani ya kimiminika kinachopindisha mwanga karibu sawa na plastiki. Uliofika kwenye utando ndio unaoniumiza. Katika filamu kama hii tabaka la njano liko juu, kwa hiyo likikwanguliwa peke yake alama huelekea ubuluu, na matabaka yote yakiondoka hubaki mstari mweupe usio na chochote.

Mikwaruzo mingi ya mzee ilikuwa ya mgongoni, nikafurahi kwa dhati. Hata hivyo, pembezoni mwa picha za mwanzo niliona nyuzi za kuvu zilizotawanyika kama mizizi. Kuvu hula jelatini, ile inayoshika rangi za picha ndani ya utando, na kuifanya iyeyuke kwa urahisi majini, kwa hiyo tafadhali usiufute mkanda wa namna hiyo kwa kitambaa chenye maji. Utafuta na picha.

Mwisho nilitumia rula. Picha 100 za mkanda huu zinapaswa kuchukua milimita 381, lakini zake zilichukua 377, yaani umesinyaa kwa zaidi ya asilimia 1, na matundu hayawezi tena kukaa vizuri kwenye meno. Nimemwambia mzee kwamba hatutauweka kwenye projekta. Nitaupiga kwa kamera picha moja moja, nikianza na ile ya kichanja.