Kipimo cha rangi ya gari hakijui ajali

Anayenunua gari lililotumika Japani, awe Dar es Salaam au Mombasa, siku hizi anaweza kuingia yadi na kipimo cha unene wa rangi kinachoenea kiganjani. Unagusisha ncha yake kwenye bodi, namba inatokea. Kwa mtu anayetoa akiba ya miaka mingi, kifaa hiki ni msaada mkubwa. Kinachoharibu ni maneno yanayozungushwa juu yake, maana yanamfanya mtu aache gari zima na kuchukua bovu.

Wengi huamini kwamba namba kubwa ni ushahidi wa ajali. Kipimo hakijui ajali. Kinajua jambo moja tu: umbali kati ya ncha yake na chuma kilicho chini ya rangi. Ndani ya ncha kuna koili inayotoa uga wa sumaku. Chuma kikiwa karibu, uga huwa na nguvu. Rangi ikikiweka mbali, nguvu hupungua, na kifaa hugeuza tofauti hiyo kuwa maikroni. Maikroni 1,000 ni milimita 1. Rangi ya kiwandani, ukijumlisha praima na vanishi, kwenye magari mengi huwa kati ya maikroni 80 na 180. Ukikuta 280 mlangoni wakati paa linasoma 110, mlango huo yaelekea ulipigwa rangi upya, labda kwa mkwaruzo wa ukutani, labda kwa jambo zito zaidi. Ukikuta 900 au 1,500, hapo karibu kila mara pana puti, na puti hupakwa palipobonyea. Bado hujajua kama kilichobonyea ni bati la nje tu au na nguzo iliyo nyuma yake. Hilo linataka tochi, macho na fundi wa bodi unayemwamini.

Ndiyo maana mimi husisitiza kuanza na paa. Haliguswi mara kwa mara kama milango na fenda, kwa hiyo linakupa kipimo cha kulinganishia. Namba moja iliyosimama peke yake haisemi mengi.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile ya kwamba kipimo kikigoma kusoma, basi chini ni puti tupu. Chukua Nissan X-Trail ya toleo la kwanza, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2000. Fenda zake za mbele ni za plastiki tangu kiwandani, na pasipo na metali kifaa hakina cha kupima. Bampa za magari mengi ya leo ni vivyo hivyo. Chukua tena Land Rover za zamani. Sehemu kubwa ya bodi yake ni Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesi, na hata sumaku iliyofungwa kitambaa, ile mbinu ya wazee, haishiki pale. Boneti ya Toyota Prius ya toleo la pili na la tatu nayo ni ya alumini. Ukipima alumini kwa kifaa kinachoweza kupima juu ya chuma peke yake utapata namba ya ajabu, au usipate kitu, kisha utamshutumu muuzaji bila kosa. Kwa alumini hutumika njia nyingine: ncha hutoa uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi sana, nao huzusha mikondo midogo ya mzunguko ndani ya metali. Nunua kifaa chenye njia zote mbili. Vingi huonyesha Fe kwa chuma, na NFe au Al kwa metali zisizoshikwa na sumaku.

Upande wa pili, namba zikiwa sawasawa gari zima, mtu hushangilia kwamba halijaguswa. Lakini mlango uliotolewa kwenye gari jingine la rangi ileile utasoma kama wa kiwandani, kwa sababu ndivyo ulivyo. Tazama boliti za bawaba, kama rangi yake imechubuka kwa spana. Dai karatasi ya mnada kutoka Japani: XX ni kipande kilichobadilishwa, W ni alama ya pale palipokarabatiwa, na daraja la R au RA ni la gari lenye historia ya matengenezo ya ajali.

Kuhusu rangi nene kuwa ndiyo imara, si hivyo: ikizidi hupasuka. Na ikisoma chini ya 70, angalia kama polishi ya mara kwa mara haijaila vanishi, kwa kuwa vanishi yenyewe ni kama maikroni 40 hadi 50 tu, nayo ndiyo inayokinga rangi dhidi ya jua.

Wapo pia wanaotoa kifaa kwenye boksi na kupima papo hapo. Kwanza kiweke sifuri juu ya kibati kisicho na rangi kinachokuja nacho, kisha weka juu ya kibati hicho karatasi ya plastiki yenye unene unaojulikana uone kama kinasema kweli. Futa vumbi na tope, simamisha ncha wima, epuka kingo na mikunjo mikali ya bodi, na pima kila kipande sehemu tano au sita, hasa karibu na matao ya magurudumu na chini ya milango.