Kibarua wa majani chai na kufukuzwa kazi: dhana potofu na ukweli

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Nandi nchini Kenya, wengi huamini kwamba kibarua ni kibarua tu, hata akichuma majani miaka mitano, na kwamba mnyapara akimwambia asirudi kesho, mambo yameishia hapo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haisemi hivyo. Kibarua, kwa tafsiri yake, ni mtu anayelipwa kila jioni na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, kifungu cha 37 humhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi, anayestahili notisi ya siku 28, vyovyote alivyoandikwa kwenye rejista.

Wapo pia wanaopotoka kwa upande wa pili, wakidhani kifungu hicho humfaa kila mchumaji. Katika kesi ya wafanyakazi wa chumvi iliyoamuliwa mwaka 2017, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba anayelipwa kwa kipimo cha kazi si kibarua, hivyo kifungu cha 37 hakimgusi, ingawa bado ni mwajiriwa. Kwa anayelipwa kwa kilo, tofauti hiyo si ndogo.

Husemwa vilevile kwamba asiye na barua ya ajira hana kesi. Kuandika mkataba ni wajibu wa mwajiri, na asipouleta mahakamani, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Hata hivyo mfanyakazi aonyeshe kwanza kwamba alifanya kazi pale: kijitabu cha kilo, ujumbe wa malipo ya M-Pesa, michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Dhana iliyoota mizizi zaidi, hata miongoni mwa mameneja, ni kwamba aliyekamatwa na majani ya wizi hahitaji kusikilizwa. Kifungu cha 41 kinataka aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha yeye na huyo aliyemchagua wasikilizwe. Wizi unaweza kuwa wa kweli kabisa na kufukuzwa kukawa si halali.

Fidia ya kuachishwa isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12. Shauri lifunguliwe ndani ya miaka 3, na mazungumzo na mwajiri hayasimamishi hesabu hiyo.