Familia ya Balsamu: Ua Linalosomwa Likiwa Bichi

Mmea ule wa Impatiens walleriana, ambao wengi wetu tunaupanda kwenye vyungu barazani, ni wa misitu yetu wenyewe: huota penye kivuli na unyevu kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Familia yake, Balsaminaceae, ina jenasi (makundi ya spishi zenye undugu wa karibu) mbili tu, yaani Impatiens, yenye spishi zaidi ya 1,000, na Hydrocera, yenye spishi moja ya maeneo ya majimaji barani Asia, ambayo tunda lake halipasuki.

Katika kazi yangu ya kuainisha mimea, sijui familia nyingine inayohitaji ua bichi kuliko hii. Sepali ya chini, yaani mojawapo ya vijani vya nje vya ua, imegeuka kifuko chenye mrija unaohifadhi mbochi (maji matamu ya ua), na umbo la mrija huo hukuonyesha mgeni anayetarajiwa. I. walleriana (I. ni kifupi cha Impatiens) ina mrija mrefu mwembamba unaomfaa kipepeo, ilhali I. kilimanjari, isiyopatikana porini ila katika Mlima Kilimanjaro, ina kifuko kipana chenye mkia mfupi uliopinda, nao ndege chozi huingiza mdomo humo. Ukichungulia katikati ya ua utaona stameni tano (sehemu za kiume zenye chavua) zilizoungana kama kofia juu ya stigma (ncha ya kike inayopokea chavua). Kofia hiyo hutoa chavua kwanza, kisha huanguka, na hapo ndipo stigma inapokuwa tayari kupokea chavua ya ua jingine.

Yote haya hupotea ua likikaushwa, kwa sababu limejaa maji na petali zake hugandamana zikawa utando usiosomeka. Joseph Hooker, aliyekuwa mjuzi mkubwa wa jenasi hii, aliipa spishi hiyo ya barazani jina la walleriana mwaka 1868, akitumia vielelezo vilivyokaushwa. Mwaka 1882, alipoletewa mimea hai iliyooteshwa kwa mbegu kutoka Zanzibar, akaiita I. sultani kwa heshima ya Sultani. Leo majina yote mawili yanahesabiwa kuwa ya spishi moja.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wanaokusanya vielelezo Usambara au Uluguru walichambue ua palepale msituni, wakitandaza kila petali na kila sepali peke yake kwenye karatasi kabla ya kuikandamiza, na waandike rangi na mkunjo wa mrija kabla ua halijanyauka.