Upozitivu haukuzuliwa na Comte peke yake

Vitabu vingi vya shule humpa mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte sifa zote za upozitivu, yaani falsafa inayotaka elimu isimame juu ya mambo yaliyochunguzwa. Lakini mwaka 1813, Comte akiwa bado mwanafunzi, mwanafikra Mfaransa Saint-Simon alikwisha kuandika kwamba elimu ya binadamu isimame juu ya mambo yaliyochunguzwa, kama falaki na kemia. Comte akawa karani wake mwaka 1817, akiwa na miaka 19. Walifarakana mwaka 1824, na ugomvi mmojawapo ulihusu andiko la Comte la 1822 litoke kwa jina la nani.

Hata zile hatua tatu ambazo Comte alisema fikra za binadamu hupitia (kidini, kimetafizikia yaani ya dhana dhahania, kisayansi) zina mzizi kwa mwanauchumi Mfaransa Turgot, 1750. Cha Comte hasa ni mpangilio wa sayansi: hisabati, falaki, fizikia, kemia, biolojia, kisha sosiolojia (elimu ya jamii), kila moja ikiegemea iliyotangulia. Jina “sosiolojia” alilichapisha 1839, baada ya mwanatakwimu Mbelgiji Quetelet kulitwaa lile la “fizikia ya jamii” alilokuwa akilitumia Comte mwanzo.