VAR, printa na redio ya mlinzi: tunayoyaamini kimakosa kuhusu mashine

Jumapili ya tarehe 25 Mei 2025 nilikuwa kwenye kibandaumiza cha kutazamia mpira Temeke, jezi nyekundu ya Simba mwilini, koo limekauka. Ilikuwa fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho Afrika, Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Siku nane kabla RS Berkane walikuwa wametufunga 2-0 kwao Morocco. Joshua Mutale akafunga mapema, benchi tulilokalia likaanguka. Kipindi cha pili Steven Mukwala akatia mpira wavuni, nikakumbatiwa na mzee nisiyemjua hata jina. Kisha refa akaweka mkono sikioni. Tukanyamaza wote. Goli likakataliwa, kuotea. Dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha, ikaisha 1-1, kombe likaenda Morocco.

Kesho yake ofisini, kabla sijaweka begi mezani, shutuma zilikuwa zinanisubiri. Mimi ni fundi wa TEHAMA, na kila chenye waya kinahesabiwa ni changu. "Mashine zenu zimetunyima kombe," aliniambia Msimbazi mwenzangu, shabiki wa Simba kama mimi, na hakuwa anatania. Siku hiyo hiyo nikaulizwa kuhusu printa, mtandao mzito na nenosiri, na katika kila swali nikaona imani ile ile: kwamba mashine ina nia, inapenda na inachukia. Nimeishi na mashine kwa miaka mingi na nimeishi na Simba kwa miaka mingi zaidi. Nayasema haya kwa kuvipenda vyote viwili.

"VAR ndiyo iliyokataa goli"

VAR si mashine. Ni mwamuzi, mtu kamili, anayetazama picha za marudio kwenye skrini na kuzungumza na mwenzake wa uwanjani. Tangu alipoingizwa kwenye sheria za mchezo mwaka 2018 hadi siku ya fainali ile, alikuwa amepewa mambo 4 tu ya kuingilia: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji aliyeadhibiwa kwa kosa la mwingine. Kona iliyotolewa kimakosa haikumhusu. Faulo ya katikati ya uwanja haikumhusu. Na neno la mwisho linabaki kwa refa mwenye filimbi.

Kwenye kuotea hakuna cha kuonewa huruma. Kinachoangaliwa ni kichwa, kiwiliwili na miguu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoruhusiwa kufunga, mkono hauhesabiwi. Ukitangulia kwa kidole cha mguu umeotea. Goli la Mukwala linaniuma mpaka leo, lakini siwezi kudai kipimo kilegee siku ya timu yangu, halafu kikaze siku ya watani.

Wanaotaka kujua hatari ya VAR iko wapi hasa, wasitazame Amaan. Watazame London, tarehe 30 Septemba 2023, Tottenham na Liverpool. Luis Díaz wa Liverpool alifunga goli halali kabisa, kibendera kikapanda. Chumba cha VAR kikakagua, picha ikaonyesha wazi kwamba Díaz hakuotea. Teknolojia ilitoa jibu sahihi. Lakini mwamuzi wa video alidhani uamuzi wa uwanjani ulikuwa goli, kwa hiyo akatamka kwamba ukaguzi umekamilika, akiamini analithibitisha goli. Refa uwanjani akaelewa kwamba kuotea ndiko kulikothibitishwa. Mpira ukaanzishwa. Walipogundua chumbani, sekunde chache baadaye, sheria haikuwaruhusu kuusimamisha mchezo na kurudi nyuma. Liverpool wakapoteza 2-1.

Sauti za chumba kile zilitolewa hadharani baadaye. Nilizisikiliza nikiwa peke yangu na zilinishika vibaya, kwa sababu neno la namna hiyo lilishawahi kuniangusha na mimi.

Ilikuwa ofisi niliyofanyia kazi zamani. Tulikuwa tunahamisha mafaili kutoka seva kuukuu, kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima, kwenda mpya, mimi jengo moja, mwenzangu jingine. Akanipigia simu: "Tayari?" Nikamjibu: "Tayari." Nilimaanisha kunakili kumeisha, sasa naanza kukagua. Yeye akaelewa nimeshakagua. Akaisafisha seva kuukuu. Nilipofungua folda ya mikataba, majina ya mafaili yalikuwepo yote, yamejipanga kwa tarehe, lakini ya miezi minne yalikuwa na ukubwa wa sifuri. Majina matupu. Nilibofya moja, la pili, la tatu, mikono ikaanza kutoka jasho.

Tuliokolewa na diski ya nje iliyokuwa kwenye kabati la mhasibu, aliyekuwa akinakili mikataba yake kila Ijumaa kwa sababu hakuwa na imani na kompyuta. Ilituchukua usiku wa siku mbili kurudisha kila kitu mahali pake. Tangu hapo sisemi "tayari". Nasema: "Nimenakili, sijakagua," au: "Nimekagua, unaweza kufuta," na anayenisikiliza lazima ayarudie maneno yangu kabla hajagusa kitu.

Hapo pana dhana nyingine inayofuatana na hiyo: kwamba faili likiwa mahali pawili, liko salama. Si lazima. Folda inayojisawazisha na mtandao ukiifuta kwenye laptopu, inafutika na kule. Kosa linasafiri haraka kama faili lenyewe. Kanuni yetu mafundi ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Na nakala ambayo hujawahi kujaribu kuifungua usiihesabu.

"Naizima kila jioni, kwa hiyo usiniambie niiristati"

Huyu alikuwa mhasibu wetu wa sasa, mama mwenye busara na shabiki wa Yanga, Jumatatu ile ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Printa imekufa tangu Ijumaa. Na usiniambie zima uwashe, kompyuta hii naizima kila siku nikiondoka."

Alikuwa anasema kweli, na bado kompyuta yake ilikuwa haijaanza upya kwa siku nyingi. Watu wengi hawalijui hili, na hakuna aliyewaambia. Tangu Windows 8, ukibofya kuzima, kwa kawaida kompyuta haifuti kila kitu. Inafunga programu zako, halafu kiini cha mfumo inakihifadhi kwenye diski kama kilivyo, ili asubuhi iwake haraka. Kama kiini hicho kina kasoro, asubuhi kinarudi na kasoro yake. Kuristati ni tofauti: hapo mfumo unaanza mwanzo kabisa.

Nikamfungulia ukurasa unaoonyesha muda ambao mfumo umekaa hewani. Siku 23. Akavua miwani, akaivaa tena, akasoma upya. Foleni ya printa ilikuwa imeziba kwa waraka mmoja uliokwama, na nyuma yake nakala tisa za ripoti ile ile, kwa sababu kila printa ilipokataa, yeye alibofya tena. Tukaristati, nikafuta nakala nane, ripoti ikatoka.

Wanaosema mafundi tunabahatisha tukisema "zima uwashe" wanatuonea kidogo. Programu hukusanya vitu kwenye kumbukumbu inavyofanya kazi, nyingine husahau kuvirudisha, na mbili huweza kusubiriana milele kila moja ikitaka kilichoshikwa na mwenzake. Kuristati kunavunja huko kusubiriana. Ila tatizo likirudi kila wiki, hapo fundi anayeristati tu na kuondoka hajafanya kazi yake.

"Nenosiri langu lina herufi kubwa, namba na alama, halivunjiki"

Na herufi kubwa ni S au Y. Namba ni 1936 au 1935, mwaka wa kuzaliwa kwa klabu. Alama ni ya mshangao, mwishoni. Sihitaji kuona nenosiri la mtu ili kuliotea. Natazama kikombe chake cha chai. Tapeli naye anatazama picha zako mtandaoni.

Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilibadilisha ushauri wake. Urefu ndio unaolinda zaidi, na kumlazimisha mtu abadili nenosiri kila baada ya muda bila sababu hakusaidii, kwa kuwa watu hugeuza 1 kuwa 2 na kuendelea. Maneno manne yasiyohusiana, unayoyakumbuka kwa picha uliyoijenga kichwani, yanalishinda jina la klabu lenye mapambo. Ongeza uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri unathibitisha tena, kwa mfano kwa namba inayokuja kwenye simu yako. Na ofisi zinazoendelea kudai nenosiri jipya kila siku 30 zinawafundisha wafanyakazi wao kuandika karatasi na kuibandika chini ya kibodi; nimezikuta nyingi.

Lakini mara nyingi mwizi hahitaji nenosiri. Mwaka 2018 vyombo vya habari vya Italia viliripoti kwamba Lazio walituma kiasi cha euro milioni 2, sehemu iliyobaki ya malipo ya beki Stefan de Vrij waliyemnunua kutoka Feyenoord, kwenye akaunti isiyo ya Feyenoord. Walikuwa wamepokea barua pepe iliyofanana na ya kweli, ikijua nani anamdai nani, ikitoa namba mpya ya benki. Hakuna mtambo uliovunjwa. Dawa yake ni simu: mtu akikuletea akaunti mpya, mpigie kwa namba uliyonayo tangu zamani, usitumie ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Mhasibu wangu anafanya hivyo kila mara, na wanaomwona msumbufu wamheshimu.

Kuna wanaoniuliza kwa kunong'ona kama naona kila wanachofungua. Niwajibu mara moja. Nikiwa upande wa mtandao naona jina la tovuti, ukubwa wa data na saa. Maneno ya ujumbe wako wa WhatsApp siyaoni, yamefungwa kutoka simu yako hadi ya mwenzako. Hali ya faragha ya brauza haibadilishi hapo chochote. Inaficha historia kwa atakayeishika kompyuta hiyo baada yako tu. Kompyuta ya ofisi yenyewe, hata hivyo, ni ya ofisi, na inaweza kuwekewa programu inayoona zaidi. Ya nyumbani yafanyie kwenye simu yako.

"IT wamebana mtandao ili tusione mechi"

Hili ndilo lawama ninayoipata kuliko zote, na limenizoesha kupanda ngazi mbio.

Kwanza, mtandao wetu hautoki angani kama wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa kabisa unapita kwenye kebo zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku zile nililaumiwa kwa kebo iliyokatika mbali na mikono yangu.

Ila siku ya mechi sababu iko karibu. Simu moja inayoonyesha mpira kwa picha safi hula megabiti tano hivi kila sekunde. Simu ishirini, mia moja. Ofisi yenye laini ya mia moja imeisha hapo, na mhasibu bado hajatuma malipo.

Tarehe 23 Februari 2021 ilikuwa Jumanne, siku ya kazi, na Al Ahly, mabingwa wa Afrika, walikuwa uwanjani kwa Mkapa. Kila dawati lilikuwa na simu iliyoegemezwa kwenye kikombe. Kwenye skrini zetu mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja pale mlinzi wa getini, mwenye redio ndogo ya betri, alipopiga ukelele uliofika ghorofa ya pili. Watu wakanigeukia mimi. Tukakaa tukitazama pasi ambazo tayari tulijua mwisho wake, mpaka Luis Miquissone akaachia shuti lake na sisi tukashangilia goli la mtu aliyekwisha kushangilia. Simba 1, Al Ahly 0.

Sikuwa nimebana kitu. Picha ya mtandaoni hukatwa vipande vya sekunde chache chache, kila kipande kinabanwa, kinapelekwa kwenye seva, na simu yako hukusanya kadhaa kabla haijaanza kuonyesha, ili isikwame njiani. Ndipo unapochelewa nusu dakika, wakati mwingine zaidi, hata ukiwa na laini nzuri. Redio haina mlolongo huo: mtangazaji anasema, mawimbi yanafika.

Baada ya siku ile niliomba kwa uongozi jambo moja, nikakubaliwa. Mechi ya Afrika ikiangukia saa za kazi, tunafungua matangazo mara moja tu, kwenye skrini ya chumba cha mikutano, na simu zote zinatoka kwenye mtandao wa ofisi. Malipo yanakwenda, wa Msimbazi na wa Jangwani, yaani wa Yanga, wanakaa chumba kimoja. Mlinzi akimaliza zamu yake anapanda na redio, anaiweka mezani, ameipunguza sauti. Asiyeweza kusubiri picha anasogeza kiti upande wake.