TB haikai kifuani peke yake
Jina "kifua kikuu" linapotosha. Kwa mwanamke mwenye VVU, bakteria wa TB wanaweza kusafiri kwa damu kutoka mapafuni hadi kwenye mirija ya uzazi, hata asikohoe. Dalili ni maumivu ya chini ya kitovu yasiyokoma, hedhi kuvurugika au kutoshika mimba. Naye huandikiwa dawa za "UTI" kila mara, bila nafuu.

Kipimo ni kuchukua kinyama kidogo kutoka ukuta wa mji wa mimba. Hapa ndipo wengi hukosea: chote hutiwa kwenye fomalini, kemikali ya kuhifadhi vinyama, ambayo huua bakteria, wasiweze kuoteshwa maabara. Kipande kimoja kiwekwe kwenye maji safi ya chumvi ya hospitali. Jibu hasi la GeneXpert, mashine ya kupima TB, peke yake halitoshi kusema hana TB. Bakteria huwa wachache.

Tiba ni miezi 6. Dolutegraviri, dawa ya VVU, huwa miligramu 50 mara mbili kwa siku, kwani rifampisini, dawa ya TB, huipunguza mwilini.