Nguruwe katika nchi ya Waislamu wengi

Wengi huamini kwamba nchi yenye Waislamu wengi haina nyama ya nguruwe, hivyo jedwali la protini ambayo kila mtu hupata kwa siku kutokana na nyama hiyo likionyesha kiasi chochote, limekosewa. Indonesia ina Waislamu takriban asilimia 87, lakini nguruwe hufugwa Bali, Papua, Nusa Tenggara Mashariki na kwa Wabatak wa Sumatra Kaskazini.

Kagua hesabu ya jedwali yenyewe: chukua uzalishaji, ongeza uagizaji, toa mauzo ya nje, kisha gawanya kwa watu wote, hata wasioigusa. Tuseme wastani ni gramu 0.5 za protini kwa siku na walaji ni mmoja kati ya 10. Basi kila mlaji ana gramu 5. Hicho nacho ni kilichopatikana sokoni, si kilicholiwa.

Tarakimu za Indonesia zikishuka baada ya 2019, kumbuka homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa unaoua nguruwe, iliyoingia nchini humo mwaka huo.